Mchanga wa Tanga Kihambani kwa Baba

Nilipoposwa, baba yangu hakuuliza ukoo wa mchumba, hakuuliza kama anasali, wala hakuuliza kama ana nyumba. Aliuliza lori lake linabeba tani ngapi.

Mchumba alikuwa dereva, mtu wa Rau, akisomba saruji kutoka Tanga kuja Moshi. Siku hiyo alipanda kwetu Kilema na suti ya mtumba iliyombana makwapani, wajomba zake wawili pembeni, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kujitambulisha kama ada ilivyo. Alikuwa amejiandaa kwa maswali magumu. Aliposikia habari za tani alinigeukia, nami nikatazama dari. Nilijua kinachokuja. Nilikuwa nakaa nacho nyumba moja tangu jubilei.

Jubilei ilikuwa ya padri wetu. Padri alikuwa amesoma Ulaya, na rafiki yake wa huko, mzee mmoja mwenye masikio mekundu, alikuja kusherehekea naye akiwa na sanduku la divai nyeupe kutoka shamba la familia yao, kando ya bahari. Baba, kwa kuwa alikuwa kiongozi kanisani, alikaa meza kuu akapewa glasi. Wenzake walionja wakakunja nyuso, maana ile divai haikuwa na utamu hata chembe. Sukari yote ya zabibu ilikuwa imegeuka kilevi. Divai kavu, ndivyo wanavyoiita wenyewe. Mwalimu wa kwaya aliomba soda ya kusafishia kinywa. Lakini baba alifumba macho. Aliniambia baadaye kwamba alisikia ubaridi kwanza, halafu ukali wa ndimu, halafu mwishoni kabisa chumvi kidogo, kama midomo ya mtu aliyetoka kulia. Nikamwambia hiyo ni njaa. Tangu mama afariki alikuwa hali vizuri.

Mgeni alipoona amepata msikilizaji akafunguka, padri akatafsiri. Kwao, alisema, jua linawaka kweli, lakini kila alasiri upepo unatoka baharini unazipoza zabibu, hivyo zinaiva polepole na ule ukali wake haupotei. Na udongo wao ni wa hovyo: mchanga, chokaa, makombe ya baharini yaliyosagika. Maji hayakai. Mzabibu unapata shida, unateremsha mizizi chini kabisa kutafuta unyevu, na kwa kuwa unadhani unakufa, unaacha mambo ya majani na kuzaa vichala vichache, vidogo, vyenye ladha nzito. Ukiupanda kwenye udongo mzuri, alisema, unanenepa, unavaa majani tele, unasahau kuzaa.

Baba alirudi nyumbani hasemi na mtu. Mimi kuona hivyo nikajua tumekwisha.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakitundika mizani barabarani, leo bei hii kesho ile, na watu walikuwa wameanza kung'oa mibuni, jambo ambalo zamani lilikuwa karibu sawa na kumpiga padri. Wengine walipanda nyanya, mmoja akaanza kufuga sungura. Kwa hiyo baba alipotangaza kwamba yeye atalima divai, watu waliitikia tu vizuri, wakidhani ni aina ya nyanya.

"Bahari ni nini?" aliniuliza siku moja nikimenya ndizi. "Ni ubaridi wa jioni na udongo maskini. Ubaridi tunao, unateremka mlimani kila siku bila ushuru. Umaskini ndio tutautafuta."

"Baba, umaskini watu wote wanaukimbia."

"Ndiyo maana wote wanakunywa mbege," akasema.

Turudi kwenye posa. Baba aliposikia tani za lori alitabasamu mara ya kwanza siku hiyo. Akainua kata ya mbege, akasema mbele ya koo mbili kwamba anakubali kunitoa, lakini siku ya harusi wageni watakunywa divai nyeupe, kavu, iliyotoka kihamba hiki hiki, shamba la urithi la babu zake, na mpaka divai hiyo ipatikane harusi hakuna. Kisha akanywa. Sijui kwingine, ila kwetu neno likisemwa na mzee wa nyumba kata ikiwa mkononi, naye akalinywea, halirudishwi hivi hivi. Wajomba wa Rau walipiga makofi, maskini, wakidhani divai iko stoo. Mizabibu yenyewe ilikuwa haijapandwa.

Nilimfuata nje nikiwa nawaka.

"Mzabibu unachukua muda gani kuzaa?"

"Mitatu."

"Mitatu nini?"

"Miaka, mwanangu. Usiwe na haraka."

Haraka! Mimi, ambaye umri wangu ulikuwa umeshaanza kuulizwa na watu usiowahusu! Masista wa misheni walikuwa wakinisalimia kwa upole wa ajabu, wakinitazama kwa matumaini. Nilimpenda yule dereva, nilitaka kwenda kukaa naye Rau, nilitaka nyumba yangu na mlango wangu wa kuubamiza. Sasa yote hayo yalikuwa yanasubiri mmea.

Mchumba angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakukimbia. Kila aliporudi kutoka Tanga, juu ya saruji ya tajiri wake kulikuwa na viroba vya mchanga wa pwani na vipande vya matumbawe. Na kwa kuwa mali ya mchumba haiingii kwetu kimya kimya, viroba vile vilipandishwa mlimani kwa taratibu zile zile za kuleta mbege ya posa. Wajomba wa Rau mbele, wamevaa makoti, kila mmoja na kiroba begani, wakiimba. Wanawake wa kwetu wakatoka wakapiga vigelegele kwa mazoea, halafu wakaangaliana. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mwonjaji wa mbege wa ukoo mzima. Alichovya kidole kwenye mchanga, akaramba, akatafakari.

"Bado haijachachuka," akasema, na hakuwa anatania.

Wazee wa ukoo walikaa uani na chekeche kuukagua. Kiroba kimoja walikirudisha Rau kwa kusema mchanga wake ni laini mno, unafaa kwa plasta. Mjomba mmoja alichukia kabisa. Alisema katika ukoo wao hawajawahi kudharauliwa mchanga. Tulimtuliza kwa ndizi za nyama.

Kisha baba akaufukuza udongo. Udongo wa Kilema ni mweusi, ukichomeka fimbo ya kutembelea inachipua. Aling'oa mibuni ya upande wa chini, akachimba, akawaita majirani waje na vikapu wauchukue huo utajiri bure. Walikuja mbio. Mahali pake akamwaga mchanga na matumbawe yaliyopondwa kwa nyundo, akapanda vipande vya mzabibu mweupe vilivyoletwa kutoka Dodoma na dereva mwenzake na mchumba. Ukisimama barabarani ulikuwa unaona migomba, migomba, migomba, halafu kipande cha ufukwe.

Upepo ukaja wenyewe jioni, kama alivyoahidi. Chumvi ndiyo haikuja. Hapo mchumba akaanza kuleta na maji ya bahari kwenye madumu, na baba, aliyepulizia dawa mibuni maisha yake yote, akajifunga lile bomba la mgongoni, akavaa na miwani, akawa anapulizia bahari. Kila jioni alipita katikati ya mistari, pyuu, pyuu, kama ukungu. Siku ya nne au ya tano ng'ombe wa jirani alivunja uzio akaja kuramba majani. Kesho yake mbuzi nao wakaja. Ikafika mahali mifugo ya mtaa mzima, ikisikia lile bomba, inapiga kelele. Bahari ikasitishwa.

Lakini tatizo kubwa halikuwa ng'ombe. Tatizo lilikuwa watu wema.

Nieleze vizuri hapa, maana asiyekulia kwetu anaweza asielewe. Mtu wa mlimani hawezi kuona mmea una njaa akapita. Hafundishwi, anazaliwa hivyo. Mgomba wa adui yake ukiegemea, ataupigia nguzo kwanza ndipo aendelee kumchukia mwenyewe. Sasa baba alikuwa anakataa kuipa mizabibu samadi, na zamu yetu ya maji ikifika, yaani siku ambayo mfongo, ule mfereji wa kijiji, unafunguliwa upande wetu, alikuwa anayapeleka yote kwenye migomba na kuiacha mizabibu inatazama. Wazee wa mfongo walituma ujumbe rasmi. Walisema tangu mababu wachimbe mfereji ule hakuna aliyewahi kuyakataa maji, na wanaomba kujua wamemkosea nini. Baba aliwahutubia uani. Aliwaambia kwamba kitu kizuri hutoka kwenye kitu kilichonyimwa, kwamba mzabibu ukishiba hauzai, kwamba raha inaulegeza. Waliondoka wakitikisa vichwa. Mmoja alimwambia padri amwombee.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mizabibu, iliyotakiwa iwe imekonda kama fimbo, ilikuwa imenona. Ilipanda uzio, ikapanda banda la ng'ombe, ikaingia dirishani kwangu. Majani mapana kama sahani! Vichala, hakuna. Baba alizunguka akipiga kelele: "Kuna mtu anailisha! Kuna mtu ananihujumu!" Nami nikaingiwa na hasira kuliko yeye, maana kila jani lile lilikuwa siku yangu ya harusi inasogezwa mbele. Kaka zangu walikuja Krismasi kutoka Dar, wakaitazama ile mizabibu, wakasema inapendeza sana kwa kivuli, wakanywa bia zao wakaondoka.

Ndipo mama yake mchumba akatuma neno kutoka Rau. Alisema mwanawe hawezi kuzeekea barabarani akibeba ufukwe. Divai isipoonekana mwaka huu, watatafuta nyumba nyingine, nyumba inayokunywa mbege kama watu. Mchumba mwenyewe aliniletea ujumbe huo akiwa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Mimi nimechoka, lakini nipo." Nilikwenda nyuma ya banda nikalia.

Kuanzia hapo nikawa mlinzi wa njaa. Nilihamishia kazi zangu zote pale kwenye mchanga: kumenya ndizi, kuchambua maharage, kufua. Niliwakamata wengi. Jirani wa juu nilimkuta anamwaga maji ya kuoshea mchele, nikamfukuza kwa mwiko. "Wewe binti," aliniambia akikimbia, "hata mfungwa anapewa maji!" Mwalimu mstaafu alipita kila asubuhi akikojoa kwa makusudi pale pale kwenye uzio, eti ni mbolea. Shangazi nilimnasa na kinyesi cha kuku ndani ya khanga. Hakukana. Aliketi chini akaanza kulia. "Nimeshindwa mwanangu. Naipita kila siku, inaniangalia." Nikamwambia maneno mabaya, kwamba anamwonea huruma mzabibu na mimi damu yake ananiacha nizeeke. Hakusema nami tena kwa majuma mengi, naye ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Pamoja na ulinzi wote huo, mizabibu iliendelea kunenepa. Sikuelewa. Nilianza hata kushuku masista.

Jumapili moja baba alisema magoti yanamsumbua, atasali rozari nyumbani. Nikaenda misa peke yangu. Hatua chache kabla ya kanisa ukanda wa kiatu ukakatika, nami siwezi kwenda komunyo nikiburuta mguu, nikarudi kubadilisha. Nilipoingia uani nikasikia maji yanatiririka mahali ambapo hayakutakiwa kutiririka. Nikashika mwiko wangu, nikanyatia.

Baba alikuwa amepiga magoti mchangani, hayo hayo magoti yanayouma, ndoo ya samadi pembeni, mikono imezama mpaka viwikoni. Mfongo ulikuwa umefunguliwa wote kuelekea kwenye mizabibu. Alikuwa anaizungumzisha. "Kula," alikuwa anasema kwa Kichagga, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu mama awe mgonjwa. "Kula, mwanangu, kula."

"Baba!"

Akaificha ndoo nyuma yake. Ndoo ya samadi, jamani, haifichiki.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ipandwe."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nilimtajia wote niliowafukuza, nilimtajia shangazi asiyesema nami, nilimtajia mama wa Rau na neno lake. Alikaa pale chini akinisikiliza, maji yakimlowesha suruali.

"Ulijua ikishiba haizai," nikasema.

"Nilijua."

"Na ulijua isipozaa siolewi."

Alifuta mikono kwenye jani la mzabibu, jani likatosha mikono yote miwili.

"Mwanzoni niliionea huruma tu," akasema. "Mimi ni mkulima, sijui kukinyima kitu. Niliwaambia watu maneno ya yule mzungu, halafu nikirudi nikiitazama nashindwa. Sasa nilipoona inanenepa nikajua kila ndoo ninayoimwagia wewe unabaki. Nikaendelea." Akanitazama. "Kaka zako wananiletea redio. Redio haigombani na mtu. Ukienda wewe, asubuhi nitagombana na nani?"

Nilitaka kumpiga na ndoo ile ile, na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili visingewezekana bila kuchafuka. Nikasema nililokuwa nalo.

"Baba, mimi pia nina kiu. Umenipita kila siku miaka mitatu. Mimi hukuniona?"

Alifunga mfongo, akaingia ndani kunawa.

Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akakata jani la isale pale mpakani, akaliviringa vizuri, akashuka nalo Rau kwa miguu mpaka alipopata gari. Isale ni jani letu la kuomba radhi. Mtu akikuletea, hata kama amekuchomea nyumba, hulikatai. Alimkabidhi mama mkwe wangu kwa mikono miwili, akaomba arudishiwe neno lake. Yule mama alilipokea, akalia kidogo, akauliza ule mchanga wao utakuwaje. Baba akasema wakija na lori wataupakia. Hawakuja kamwe.

Tulifunga ndoa misheni kabla ya mvua, na uani kukawa na mapipa ya mbege ambayo shangazi aliyaonja moja moja na kuyapitisha. Tulikuwa tumepatana. Nilimwangukia, akanivuta sikio, yakaisha.

Ilipofika zamu ya baba kusema, alisimama na kata mkononi. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, wakakumbushana divai.

"Nimewachosha sana kwa mafundisho," akasema. "Niliwaambia kitu kizuri hutoka kwenye kitu kilichonyimwa. Kwa zabibu za baharini huenda ni kweli, yule mgeni hakuwa mwongo." Kisha akamgeukia mume wangu. "Wewe ulinisikia kuliko wote, uliubeba mchanga wangu. Sasa nisikie tena. Huyu usimnyime kitu. Mpe maji. Mpe na samadi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wajomba wa Rau wakapigana mabegani. Baba alisubiri wamalize.

"Mpe," akasema, "hata asipozaa."

Kicheko kikakatika. Sijawahi kusikia mzee wa kwetu akisema hivyo harusini, mbele ya ukoo wa mume, na nadhani hata wao hawakuwahi. Baba akaipeleka kata mdomoni, akainywa yote bila kupumzika. Mume wangu alisimama, suti ile ile ya makwapani, akasema, "Nimesikia, baba," na mimi nikalia mpaka shangazi akaja kunishikia shela.